Barua kutoka Brussels: Huku Watu Wazima Wanaficha Makopo

Kwa Baba Mkubwa, Mama Mdogo, Yaya na wote wa kiwanjani Kasongo, pamoja na wale wa Kabambare watakaoipata habari hii sokoni,

Barua hii inaingia kwenye simu ya mpwa wangu. Aisome kwa sauti, asiruke neno, hata pale inapomsema yeye. Najua mega ni ghali na simu inachajiwa kwa kulipia kwenye kibanda cha sola, lakini habari hii nikikaa nayo peke yangu nitapasuka.

Habari yenyewe ni hii: huku watu wazima, wenye mshahara na wenye pensheni, wanaficha makopo msituni na mjini, kisha watu wazima wengine wanatoka majumbani mwao kwenda kuyatafuta. Baba Mkubwa, usiulize kwanza ndani mna nini. Nitafika.

Aliyeniingiza ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alinikuta mlangoni nachungulia simu nijue treni imechelewa dakika ngapi, akaniuliza kama ninajua kwamba simu hiyohiyo inaweza kunifikisha kwenye hazina. Ninyi mnanifahamu. Mtu wa kwetu akisikia hazina, moyo wake unakimbilia dhahabu ya Namoya. Sikuuliza la pili, nikavaa viatu.

Tukaingia msitu wa Soignes, pale kusini mwa mji. Simu ikasema bado mita 40, bado 12, bado 3, halafu ikanyamaza, maana mita za mwisho ni za macho na magoti. Mwalimu akapiga magoti kwenye majani mabichi, mzee wa mvi, akatia mkono chini ya kisiki na kutoa kibakuli cha plastiki chenye kifuniko, cha kubebea chakula cha kazini. Ndani: daftari dogo, kipande cha penseli, mjusi wa kuchezea watoto, kifungo cha koti na sarafu ya nchi nyingine. Akaandika jina lake la mchezo na tarehe, akarudisha kila kitu, akafunika kwa majani vilevile. Nikasubiri. Nikaona anafuta magoti. Nikamuuliza, "Na hazina?" Akanijibu kwa furaha ya kweli, "Ndiyo hiyo!" Saa yake ya mkononi ikatetemeka kumpongeza kwamba amefikisha hatua 10,000. Nikamkumbuka Yaya, anayepanda na ndoo kichwani tangu alfajiri, na hajapongezwa na saa hata siku moja.

Sasa nisikilizeni asili ya mchezo huu. Juu mbinguni, kama kilomita 20,200 kutoka hapa, Wamarekani wamezungusha setilaiti zao za GPS. Simu yako ikizisikia 4 kwa pamoja, inapiga hesabu ya muda ambao kila ishara imetumia njiani, inajua umesimama wapi. Zamani jeshi lao liliitia ishara ya raia kosa la makusudi la kufikia mita 100. Kwa kosa hilo, ungetafuta kitu sokoni ukajikuta unapekua msikitini. Tarehe 2 Mei 2000 Rais Clinton akaliondoa. Kesho yake tu, Dave Ulmer, mtu wa jimbo la Oregon, akaenda kuweka ndoo nyeusi msituni Beavercreek, akatangaza namba za mahali kwenye intaneti. Ndani aliweka vitabu, programu za kompyuta, pesa kidogo, manati na kopo la maharage. Nchi yenye setilaiti na ndege za kivita, hazina yake ya kwanza ilikuwa na manati! Kabla ya juma kwisha ndoo ilishapatikana.

Mama Mdogo, najua unauliza maharage yaliliwa na nani. Hayakuliwa. Kopo lile lipo hadi leo, linapelekwa kwenye mikusanyiko ya wasakaji, na watu wanapanga mstari kupiga nalo picha. Tangu ndoo ile, makasha yamepita milioni 3 duniani kote. Lingine lilipelekwa mwaka 2008 na Richard Garriott mpaka kwenye kituo cha anga za juu, mahali ambapo hata mpwa wangu, anayepanda kila mti kutafuta rezo, hawezi kupafikia.

Mchezo una adabu zake. Ukichukua kitu, acha chenye thamani ileile au zaidi. Usiweke chakula, wanyama watavunja. Usichimbe shimo. Na kubwa kuliko zote, wapita njia wasijue unafanya nini. Mwalimu alinifundisha kwamba mtu akitokea, niiname nifunge kamba za viatu. Ushauri mzuri sana, ila siku hiyo nilikuwa nimevaa ndara. Bibi mmoja akaniona kwenye bustani nikipapasa chini ya benchi.

"Umepoteza nini, mwanangu?"

"Sijapoteza kitu, mama."

"Sasa unatafuta nini?"

"Sijui bado, lakini nikikiona nitakijua."

Mgeni mweusi, jioni, chini ya benchi, na jibu la namna hiyo. Nikaanza kuhesabu kichwani makaratasi yangu yote yako mfuko gani. Kumbe bibi amekwenda kumfunga mbwa wake kwenye nguzo, karudi na tochi. Ndiye aliyekipata: kichupa kisichofika kidole gumba, kimenaswa kwa sumaku chini ya chuma cha benchi. Alidai na yeye aandike jina. Ninaishi mji huu tangu lini, na ni siku hiyo tu mtu nisiyemjua alikaa nami benchi moja akaniuliza watoto wa kwetu hawajambo.

Sasa ndiyo nifike kwenye jambo ninalotaka Baba Mkubwa alisikie vizuri. Mpwa wangu, waambie wanaotwanga wapumzike kidogo.

Mwezi uliopita mwalimu alinipeleka Blankenberge, kando ya bahari, kusaka kopo moja huko. Tunatembea kwenye boma la ufukweni, yeye macho kwenye simu, mimi macho kwa watu wanaokula aiskrimu katika baridi. Tukapita kwenye mnara wa ukumbusho. Mwalimu hakuinua hata shingo, kwa sababu simu ilisema kopo liko mbele. Mimi miguu ikagoma. Ni mnara wa Luteni Lippens na Sajini De Bruyne, uliozinduliwa mwaka 1900. Baba Mkubwa, ni walewale! Wale wawili waliouawa kwetu Kasongo Desemba 1892, vita vya Waarabu vilipokuwa vimewaka kati ya Sefu, mwana wa Tippu Tip, na watu wa Mfalme Leopold.

Mwalimu akaniuliza, "Kwani Kasongo ni wapi?" Hapo nikaisahau bahari. Nikamsimulia jinsi De Bruyne, mzaliwa wa palepale Blankenberge, akiwa mateka wa Sefu pamoja na Lippens, alivyopelekwa ukingoni mwa mto Lomami azungumze na wenzake wa ng'ambo, wakamwambia ajitupe majini waogelee naye, naye akakataa kumwacha Lippens mgonjwa mikononi mwa Sefu. Nikamweleza kwamba Dhanis, kamanda wa watu wa Leopold, aliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Nikamweleza pia jambo ambalo minara haiandiki: pande zote mbili ziligombania nchi yetu, na mizigo ya pande zote mbili ilikuwa vichwani mwa babu zetu. Mwalimu akazima simu. Kopo la Blankenberge hatukulitafuta tena siku ile, na ndani ya treni alinichosha kwa maswali mpaka Brussels.

Ndipo nilipoelewa tofauti yetu na hawa jamaa. Simu ya mwalimu ilijua tuliposimama kwa kosa la mita 3, lakini habari za pale hazikuwa ndani yake. Kwetu ni kinyume. Hakuna anayejua kwamba kiwanja chetu kiko karibu digrii 4 na nusu kusini mwa ikweta. Ukimuuliza mtu njia atakwambia: pita pale lori lilipolala masika yote, ukifika kwa yule mama aliyekataa kuolewa mara ya tatu, kata kushoto. Mgeni anafika, tena anafika akiwa anajua ukoo mzima.

Kwa hiyo nimeamua Kasongo nayo iwe na kasha. Mpwa wangu, soma polepole. Mwenye kasha lazima aishi jirani nalo, alitunze, kwa hiyo mwenyewe ni wewe. Acha kununua mega za kutazama mpira, nunua daftari. Tusilizike, maana sheria inakataza, na pia tukionekana tunachimba usiku, kesho kartie nzima itaamka na majembe. Tusilitundike mwembeni, msimu wa maembe utakuja na watoto wake. Sokoni halifiki saa sita mchana: kibakuli chenye kifuniko kinachofunga vizuri, Mama Mdogo mwenyewe atakitia chumvi.

Basi likae kwake Mama Mdogo. Namba za mahali zitamfikisha mgeni mpaka kwenye kinu. Simu itamwambia mita 3, ataangaza huku na huku, atamwona Mama Mdogo tu anatwanga sombe. Asiambiwe lolote. Kwanza asalimie. Kisha akae, aeleze ni mtoto wa nani na ametoka wapi. Kisha Baba Mkubwa ampe vita vyote, toka Nyangwe hadi Kasongo, pamoja na sehemu ya Lomami, bila kufupisha. Kisha ale wali na sombe ya mawese. Akimaliza sahani, mtoleeni daftari aandike jina. Akisema ana haraka, mwacheni aende salama, akaandike kwenye intaneti kwamba Kasongo alifika ila hakupata kitu.

Wenu anayewapenda,
Mtoto wenu wa Brussels