Jinsi ya Kuunguza Friji Ukiwa Katesh

Kuunguza friji si kazi ngumu, ila wengi Hanang na Mbulu wanaifanya kwa kubahatisha. Yafaa tuifanye kitaalamu.

Masika ndiyo msimu wake. Mawingu yakijikusanya juu ya Mlima Hanang na ngurumo zikaanza, acha kila kitu kwenye soketi, dishi na king'amuzi usiviguse. Radi haina haja ya kupiga nyumba yako. Ikipiga laini huko Endasak, waya utakuletea mpaka sebuleni. Ukiingiwa na wasiwasi, funika televisheni kwa kile kitambaa cha kufuma. Umeme utaona aibu.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye kurudi. Umeme ukikatika, usizime chochote. Watoto wa mtaa wakipiga kelele "Umerudiii!", basi friji, pasi na sabufa viamke kwa pamoja na vya majirani wote. Zile volti 230 zilizoandikwa nyuma ya vyombo ni matarajio tu: zitashuka, zitaruka, halafu giza tena. Kompresa ikilazimishwa kuwaka mara tu baada ya kuzimika, gesi ndani bado imegandamizwa. Mota inakwama, inavuta umeme mwingi, koili zinaungua. Wapo waoga wanaochomoa plagi na kusubiri kama dakika tano hivi. Wengine wamenunua gadi ya friji iwasubirie. Friji za watu hao zinazeeka bila kisa cha kusimulia.

Fundi akidai nondo ya shaba ipigiliwe ardhini kwa ajili ya ethi, mwambie msumari wa nchi sita unatosha. Plagi ya miguu miwili nayo usiitafutie adapta: sukuma tundu la juu kwa kijiti cha kiberiti, ichomeke. Fyuzi ikikatika, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ipo. Baada ya hapo waweza hata kununua ile eksitensheni ya bei mbaya yenye kinga. Bila ethi ya kumwagia umeme uliozidi, sehemu kubwa ya kinga hiyo ni taa nyekundu ya urembo.

Ukiwa na bahati kubwa, nyutro italegea kwenye nguzo. Hapo nyumba za fezi tofauti hugawana volti 400 bila haki, na asiyewasha vitu vingi ndiye hupewa nyingi. Taa zako zikianza kung'aa kuliko siku zote huku za jirani zinafifia, usikimbilie mein swichi. Ita wageni waje waone.

Friji likishakufa, usilitupe. Mlango wake unafunga vizuri, panya hawaingii, na debe zima la unga linaenea kwenye rafu za chini ukitoa zile droo za mboga.