Namna ya Kumdanganya Msomaji Ndani ya Ofisi ya Mawakili

Unataka kuandika hadithi ya mpelelezi wa kujitegemea, na umeamua kuiweka katika ofisi ya mawakili. Umechagua vizuri. Pale kila mtu analipwa kutunza siri, kwa hiyo nusu ya kazi umeshafanyiwa. Nusu iliyobaki ni udanganyifu, nao una adabu zake. Sogea karibu.

1. Anza na karatasi. Damu isubiri. Ofisi ya mawakili inaishi kwa hati miliki, wosia, mikataba, viapo na risiti za akaunti ya wateja. Mtu akiuawa pale, basi kuna karatasi iliyomponza. Michael Gilbert alilijua hilo, maana alikuwa wakili wa kweli huko Lincoln's Inn, London, na riwaya zake aliziandika ndani ya treni akielekea kazini. Katika Smallbone Deceased, ya mwaka 1950, maiti inakutwa ndani ya kasha la kuhifadhia hati za amana, na marehemu ni mmoja wa wadhamini wa amana hiyohiyo. Kasha usiliibe, lina mwenyewe. Iba mbinu: mahali palipopaswa kuwa na karatasi, weka kitu cha kutisha. Msomaji ataduwaa hata asahau kuuliza karatasi zimekwenda wapi.

2. Mpelelezi wako hana hati ya upekuzi, hana pingu, na wakili yeyote anaweza kumfungia mlango kwa kumwambia kwamba mambo ya mteja ni siri. Usihangaike kumvunjisha kufuli. Aajiriwe na kampuni yenyewe. Erle Stanley Gardner, naye wakili, wa California, alimpa wakili wa riwaya zake, Perry Mason, mpelelezi aitwaye Paul Drake, mwenye ofisi katika jengo lilelile. Milango yote ikafunguka. Wewe ongeza chumvi: wakili mkuu amwajiri kwa sababu ya uongo, tena aonekane muungwana sana anapomlipa.

Je, awe mpelelezi wa namna gani? Kwetu tunao wa kuchagua. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mtu wa hatari na mbio. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyemjua tangu Mzimu wa Watu wa Kale, huvuta kiko chake akatafakari. Kwa kazi hii mfuate Bwana Msa. Ngumi haisomi jalada.

3. Kila mtu ofisini mpe uongo mdogo wa kulinda heshima. Wakili kijana amechelewa kuwasilisha rufaa na anaficha. Katibu muhtasi ameomba kazi kwingine. Mhasibu huwaambia watu amesoma zaidi ya alivyosoma. Hakuna hata mmoja aliyeua, lakini wote watababaika wakiulizwa, na tayari umepata washukiwa watatu bila jasho. Tarishi mwache aseme kweli tupu tangu mwanzo. Hatasikilizwa, kwa kuwa ni tarishi.

4. Sasa njoo kwenye wosia, maana hapa ndipo utakapomfunga msomaji kamba miguuni naye akitabasamu. Iweke hadithi Nairobi. Sheria ya urithi ya Kenya inataka wosia wa maandishi ushuhudiwe na watu wawili au zaidi. Shahidi akiwa ameachiwa mali katika wosia huohuo, zawadi yake inabatilika, isipokuwa wapo mashahidi wengine wasiopungua wawili wasio na maslahi yoyote. Soma sentensi hiyo tena. Ina riwaya nzima ndani yake.

Mzee tajiri anamwachia mpwa wake nyumba. Mzee anakufa. Mpwa ana madeni, ana hasira, na usiku ule hakuonekana nyumbani. Msomaji keshamhukumu. Lakini nyuma kabisa, katika sura ya pili, ulionyesha siku ya kutia saini: chai mezani, mashahidi wawili tu, mmoja wao kijana mwenyewe, akiuliza, “Mjomba, nami niandike jina hapa chini?” na mtu wa ofisini akimpa kalamu. Kwa saini ile amejipokonya nyumba. Hapati kitu. Nyumba inaangukia kwenye mali iliyosalia, na mali iliyosalia imeandikwa jina la mtu mwingine. Muuaji mtafute kwa aliyetoa kalamu, kwa sababu yeye sheria aliijua.

5. Umeona nilipoificha saini ile? Ndani ya chai na maongezi. Dalili nzito iweke katikati ya orodha, kamwe isiwe mwanzo wala mwisho wake, na papo hapo simu ilie au watu wagombane. Halafu mtupie msomaji dalili ya pili, inayong'aa, aione mwenyewe. Kila msomaji wa hadithi hizi anajiona mwerevu kuliko mpelelezi. Mwache ajione. Mtu anayefurahia ugunduzi wake harudi nyuma kukagua.

6. Danganya, lakini usiibe. Mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox aliandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi, na mojawapo inasema dalili aliyoiona mpelelezi lazima msomaji naye aonyeshwe. Ishike hiyo kuliko zote. Ukitoa ushahidi mpya katika ukurasa wa mwisho, umemnyang'anya mtu jioni yake, naye ana haki ya kukukasirikia. Saini iwepo tangu sura ya pili, wazi, kwa wino.

Ukimaliza, usikimbilie kwa mchapishaji. Mpelekee karani mzoefu wa mawakili, aliyezeeka kati ya mafaili, na umwombe asome bila kumwambia lolote. Akifika ukurasa wa mwisho, akarudi mwenyewe sura ya pili kutazama nani alitia saini, basi kitabu chako kiko tayari. Asiporudi, kaa chini uandike upya.