Baridi Haina Shemeji: Mwongozo wa Kuvisha Miguu Kambini Kilimanjaro

Kila mwaka Disemba 9 ikikaribia, Watanzania wengi hujiandaa kupanda Kilimanjaro kusherehekea Uhuru. Mazungumzo yote ni koti, buti na fimbo. Muulize mmoja wao atavaa nini miguuni akishafika kambini, atakuonyesha ndala. Ndala! Zile zile za kwendea bafuni Sinza.

Tupige hesabu kidogo. Siku nyingi za safari hii unatembea saa tano hadi saba, na saa zilizobaki zote uko kambini: unakula, unasubiri, unalala, unaamka kwenda chooni. Joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini pakiwa na nyuzi 25, Kambi ya Barafu iliyo juu ya mita 4,600 inakaribia sifuri, na hapo jua bado halijazama. Likizama, mawe yanaanza kunyonya joto kupitia nyayo zako, na hayatosheki.

Kwa hiyo, ukifika kambini, vua buti. Namwambia hasa Bwana Komando, yule anayeshinda na buti mpaka saa ya kulala ili aonekane mtu wa kazi. Ndugu yangu, soksi hizo zimelowa jasho tangu asubuhi, na jasho ndilo litakalokugandisha. Vua, futa miguu mpaka katikati ya vidole, vaa soksi kavu ambazo hazijawahi kutembea. Jozi hiyo iwe ya kambini tu, hata kama umeipenda namna gani.

Anayefuata ni Mama Soksi Nne. Huyu ameelewa kuwa kuna baridi, ila amezipachika zote nne ndani ya kiatu kimoja cha kubana. Damu inakosa njia, na mguu usiopata damu hauna wa kuupasha joto. Soksi moja nene ya sufu ndani ya kiatu chenye nafasi inazishinda soksi nne zinazogombana. Ukishindwa kuchezesha vidole, punguza soksi.

Kiatu chenyewe kinachofaa ni laini, kinafika juu ya kifundo cha mguu na kimejazwa manyoya ya bata au nyuzi za poliesta. Manyoya ni mepesi na yana joto kuliko kitu chochote unachoweza kubeba, lakini yakilowa yanagandamana na hayakufai tena. Poliesta ni nzito kidogo, ila hata ikiloa inabakiza sehemu ya joto lake. Kwa mlima wenye mvua na ukungu kama huu wetu, mimi nachagua poliesta bila kusita. Wauzaji wengi watakusifia unene wa juu. Wewe geuza kiatu uangalie chini, kwa sababu manyoya yaliyokanyagwa hulala kama mto wa sufi uliokaliwa na harusi nzima. Kinachokukinga na ardhi ni soli ya sponji ngumu, ile isiyonyonya maji, inayotengenezewa mikeka ya kulalia kambini.

Huna pesa ya viatu hivyo? Nenda soko la Memorial, Moshi, kwenye mitumba. Tafuta koti nene la baridi lenye zipu mbovu. Kwa sababu ya zipu hiyo utauziwa kwa bei ya huruma. Mikono yake miwili ndiyo viatu vyako. Fundi cherehani ataziba upande wa kiganja uwe mbele ya vidole, atatia mpira upande wa bega ushike mguu, kisha atashona soli uliyoikata kwenye kipande cha mkeka wa sponji na kuifunika turubai. Sponji ya godoro usiikubali, hata fundi akikuapia: inanyonya maji na kubonyea siku hiyo hiyo.

Msinidhanie nina ugomvi na yeboyebo. Kambi ya Mandara, kwenye mita 2,720, zinatosha kabisa. Juu zaidi, vile vitundu ni madirisha. Lakini nunua yeboyebo zilizozidi namba mbili, uzivae juu ya viatu vyako vya kambini, na hapo umepata soli isiyoteleza. Utaihitaji usiku. Umeambiwa unywe maji mengi, na ukitumia Diamox, dawa ya ugonjwa wa mwinuko, nayo inakukojoza, kwa hiyo saa nane utafungua zipu ya hema utake usitake. Nje kuna kamba za hema zilizoota barafu, mawe yaliyolala upande na mteremko. Washa taa ya kichwani kwanza, ndipo utoke.

Ukirudi, kagua vidole. Vikiwa vyeupe na havisikii ukivigusa, mwamshe kiongozi wako. Kujikaza si ushujaa. Viwekwe kwenye tumbo au kwapa la mwenzako. Usivisugue, na usivisogeze kwenye jiko, maana mguu uliokufa ganzi utaungua bila kukuambia. Wakati wa kulala, tia maji ya moto kwenye chupa ngumu, kaza kifuniko, ivishe soksi, iweke miguuni. Buti zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji ulale nazo. Kuelekea kileleni mnaanza karibu na saa sita usiku, na buti zilizoganda hazina lugha ya kubembelezwa.

Maarifa haya ya kujaza viatu ni ya kale. Mwili wa mtu uliopatikana mwaka 1991 katika barafu ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, ulikuwa na viatu vilivyojazwa majani makavu, na mtu huyo aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Hakuwa na simu ya kuulizia bei.

Sasa wapagazi. Kambi ya Barafu haina maji. Chai unayopuliza hapo ilichotwa bonde la Karanga na kupandishwa na kijana mwenye ndoo, ambaye jioni anakaa katika baridi ile ile, mara nyingi akiwa amevaa viatu vilivyochoka kuliko ndala zako. Kanuni inaweka kikomo cha mzigo wake kuwa kilo 20. Miguu yake inakutegemea wewe unayelipia safari. Kabla hujalipa, iulize kampuni wapagazi wake watavaa nini usiku. Mkiwa getini, watazame miguu. Na ukishuka salama, viatu vyako vya kambini usirudi navyo Dar kuvifungia kabatini. Pale Moshi kuna shirika la kuwasaidia wapagazi, KPAP, linalowaazima nguo na viatu vya mlimani bila malipo. Wapelekee, vikiwa vikavu.