Bamvua na Baba Mkwe

Kijana aliyenibeba mgongoni Jumapili iliyopita hakuzidi miaka 16, na aliniita anko. Baba mkwe alikuwa amesimama ufukweni na bakora yake, anatazama. Mashemeji walikuwa wamesimama nyuma yake, wanarekodi.

Wageni wametoka Dodoma na bahari hawajawahi kuiona, nikawapeleka Kunduchi. Tulifika saa nne asubuhi. Maji yalikuwa yamepwa mpaka ngalawa zimelala ubavu, na akina mama wameinama huko mbali wakiokota kombe. Tukavuka mkondo uliotufika kwenye vifundo vya miguu, tukapanda fungu la mchanga. Nikawaonyesha kiti cha pweza. Nikawaeleza habari za bahari kwa kirefu, maana mtu ana mkwe wake hapo na anataka aonekane ana maarifa.

Baada ya muda mzee akasema, “Mkwe, yale maji yanarudi.”

Nikamwambia bahari haina haraka. Hakunibishia. Alikusanya watu wake wakarudi ufukweni, nami nikabaki nikirekodi video ya kundi la ukoo. Mzee amekulia kwenye makorongo, yale yanayokuwa makavu asubuhi na jioni yanaburuta ng'ombe. Angeweza kunieleza hivyo. Hakunieleza.

Tangu siku ile nimelisoma jambo hili mpaka mke wangu ananizimia taa. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana, kwa kuwa mwezi nao unakuwa umesogea. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, unavuta kwenye mstari mmoja na jua, na hapo ndipo bamvua: maji hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi, na hapa Dar es Salaam tofauti huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta kwa upande wake, na wavuvi husema maji mafu. La ajabu ni kwamba bamvua lina saa zake. Dar es Salaam, siku za bamvua, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na hujaa kabisa karibu saa kumi jioni, mwezi huu na mwezi ujao na mwaka ujao. Kila mtoto wa Kunduchi anajua. Hakuna aliyenong'ona.

Halafu kuna hesabu ya mabaharia, nayo ndiyo iliyonimaliza. Toka kupwa hadi kujaa ni saa sita na kitu. Chukua maji yote yatakayoingia, uyagawe mafungu 12. Saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo saa nzima ya kwanza unaona hakuna kitu, unaendelea kusimulia. Kisha katika zile saa mbili za katikati nusu ya bahari yote inakuja: mita moja na nusu, yaani toka kwenye kisigino changu hadi kwenye kidevu. Tena hayaji kwa mbele yakibisha hodi kama mgeni mwenye adabu. Yanajaza mkondo kwanza, nyuma yako, wewe bado una miguu mikavu.

Saa saba nikageuka.

“Anko, panda,” akasema yule kijana, maji yamemfika kifuani.

“Naogelea.”

“Na simu je?”

Nikapanda. Nauli ilikuwa elfu tano, na pochi yangu ilikuwa kwenye mkoba wa mke wangu, aliyekuwa amekwenda kununua samaki. Mzee alifungua leso yake taratibu, akalipa. “Mlete tu, mwanangu,” alimwambia kijana, “asije akalowa.”

Haya ningeyameza. Lakini tulipokwisha kula, saa tisa hivi, tukitaka kurudi kwa njia ya ufukweni tuliyopitia asubuhi, ufukwe haukuwepo. Mtu amejenga ukuta mpaka baharini, na maji yakijaa yanaupiga ukuta wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita 60! Pale hapakuwa na 6. Na ukuta wa namna hiyo hauzuii bahari: wimbi likigonga linarudi na mchanga, ufukwe wa mbele yake unaliwa, na jirani asiye na ukuta analiwa zaidi, mpaka naye ajenge. Jiji lenye pwani ndefu namna hii, na mtu wa Tegeta akitaka kumwonyesha mkwewe bahari anapenya vichochoro baina ya kuta za watu.

Tukaomba kupita ndani ya uwanja wa mwenye ukuta. Mlinzi akasema kiingilio ni elfu kumi kwa kichwa. Nikamwambia hatuingii, tunatoka. Akasema bei ni ileile. Nikamtajia kifungu cha 57. Akaniuliza kama nataka risiti. Nililipa, tuko tisa, na katika maisha yangu sijawahi kununua mlango kwa bei ile.

Keshoyake, kwenye magofu ya Kunduchi, mzee aliona nguzo za makaburi zilizokuwa zimepachikwa vyombo vya Kichina, akauliza nani kavichukua, na kwa sababu fulani akaniangalia mimi. Kijiji cha Makumbusho alilipa kiingilio kuona nyumba ya udongo ya aina aliyozaliwa ndani yake. Pugu mvua ilinyesha.

Sasa anataka kwenda kisiwa cha Mbudya. Bei ya boti ameulizia mwenyewe, na ameagiza mimi nikae katikati, pamoja na watoto.