Jinsi ya Kuonja Kila Jiko la Mkaa Mpaka Lindi

Tangaza nyumbani kwamba safari hii hakuna kula hotelini. Mtaonja vya kuchoma njia nzima, kidogo kidogo, ili mlinganishe. Kisha toka Dar es Salaam na familia yenye njaa. Hamjamaliza foleni ya Mbagala, watoto watakuwa wameshaona mishkaki, na huo mpango wa kidogo kidogo utakuwa umekwisha.

Bibi msimwache. Nani mwingine atawaambia kuwa samaki wa siku hizi hana ladha, huku akinyonya kichwa cha huyo huyo?

Kwenye daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, waeleze watoto kwamba zamani watu walikuwa wakikwama hapa Rufiji wakisubiri kivuko. Hawatakusikia, wanatafuna. Endesha.

Somanga, shusha vioo mwenyewe kabla havijagongwa. Beseni litaingia dirishani kabla ya salamu.

"Baba, changu huyu, wa leo!"

Usiulize leo ipi. Mtazame samaki jichoni, kama ulivyofundishwa na wajuzi wa mjini. Samaki aliyekwisha kuiva ana jicho jeupe, awe wa asubuhi hii au wa juzi, ila muuzaji atafurahi kuona umekagua. Bei ikitajwa, shtuka. Ikipunguzwa, shtuka kidogo tena. Basi la nyuma likianza kupiga honi, lipa ile ya kwanza.

Wakati unasubiri chenji, zingatia kwamba gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa 1974, inafika nchi kavu hapa hapa Somanga, na tangu 2004 inakwenda kwa bomba hadi Ubungo kufua umeme. Jiko lililo mbele yako linapepewa kwa mfuniko wa ndoo. Anayepepea usimsumbue kwa maswali ya sera ya nishati. Ana samaki wa kugeuza.

Nangurukuru, kata kushoto kuelekea Kivinje na Masoko. Hapa ndipo shemeji wa Moshi atakapoulizia mbuzi choma. Muagizieni kuku, atanyamaza.

Sasa pweza. Wengi hupanga safari kwa kalenda ya shule, na pweza hajui likizo. Yeye anafuata mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, ndipo bamvua: maji yanakupwa mbali, miamba inatoka nje, na watu, kina mama wengi wakiwamo, wanaingia kwa miguu na vijiti vyao kumchokoa mashimoni. Ukija maji mafu utaambiwa "pweza yupo", kwa kuwa mchoma pweza anayesema hayupo sijamwona. Yupo kweli, amepumzika kwenye barafu.

Simama karibu na jiko, moshi ukuingie. Aliyepondwa sawasawa, mnyiri wake unajikunja taratibu juu ya wavu, ngozi inaiva wekundu wa zambarau, vikombe vya pembeni vinaungua ncha na kuanza kulia chichichi ndimu inapokamuliwa. Huyo kula mwenyewe, umegeukia ukuta. Ambaye hakupondwa mpe mtoto msumbufu: kutoka Masoko hadi Mchinga hamtasikia "tumefika?" hata mara moja. Pilipili usiijaribu mbele ya wakwe.

Lazima atatokea mmoja wa kudai mvuke kwenda Kilwa Kisiwani. Magofu yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, hayaendi popote, mkaa unazima. Ila historia yake ikufae kwenye bei. Ibn Battuta alipofika 1331 alimkuta Sultani Hasan bin Suleiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Mkumbushe mchomaji kwamba anakaa mji wa mkarimu huyo. Atakuongezea kachumbari.

Mkiingia Lindi, mkanda umelegezwa na gari linanuka kama dau, mtamkuta shangazi ameshapakua wali wa nazi kwenye sinia, na mchuzi juu.

"Mmekula njiani?"

"Hatujala, shangazi." Mwitikie nyote, pamoja na bibi, mwenye mafuta ya changu mpaka kwenye ushungi. Nawa mikono, kaa mkekani.