Sikio la Jackson

Noti ile ya dola 20 niliipokea usiku, bandarini Kalundu, kwa mnunuzi wa samaki wa ndagala aliyekuwa na haraka ya kupanda boti. Mwanga ulikuwa wa simu, na simu yenyewe ilikuwa inakata roho. Kulipokucha nikaitazama vizuri: Andrew Jackson amepasuka sikio. Mpasuko hauzidi punje ya mchele, lakini kwetu Uvira noti ya namna hiyo ni marehemu.

Wa mbali asitucheke. Franga iliyochakaa ikanuka samaki, yenye gundi katikati, tunaipokea bila neno. Dola ndiyo tunayoichunguza kama posa: inanyooshwa, inapapaswa, inainuliwa juani, inaulizwa mwaka wa kuzaliwa. Mimi ni wa rika lililoona noti ya zaire milioni 5 ya Mobutu ikikataliwa na wachuuzi, Januari 1993, ingali inanukia upya. Wanajeshi waliolipwa kwayo wakaingia mitaa ya Kinshasa kupora. Ukishaona hayo, huamini karatasi kwa sababu tu ina picha ya mzee mwenye nywele nyingi.

Nikajaribu duka la dawa. Muuzaji akaiinua juani, akanirudishia kwa ncha za vidole. "Haipiti, papa." Dereva wa pikipiki akacheka kabla hata sijaifungua. Nikaibana katikati ya Biblia, kitabu cha Ayubu, siku nne. Nikaipiga pasi ya makaa. Nusura Jackson apoteze na pua.

Ndipo ziwa likanisaidia. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na Aprili 2024 mlango huo haukutosha. Maji yakaingia nyumba za kandokando bila hodi. Mama Sifa, jirani yetu wa chini, akaamka godoro linaelea na kuku wako juu ya kabati. Watu wakakusanyika kumpa pole, huyu sufuria, huyu kitenge. Na mimi nikatoa dola 20.

Sikuzitoa kimyakimya. Nilitoa hotuba fupi, na hotuba yangu fupi ni robo saa. Nikaikunja noti mara tatu, sikio likiwa ndani, nikaiweka kiganjani mwake. Mama Sifa akalia. Majirani wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani nimesimama wima kama mlingoti, nimefanya wema na nimezika maiti kwa safari moja.

Juma lililofuata nilitaka franga za kununua makaa. Binti yangu Neema, mwalimu wa shule ya msingi, miaka 26, akaniambia nichukue katika mkoba wake. Nikafungua. Jackson akanitazama.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa Mama Sifa. Nilimbadilishia."

"Amelalamika?"

"Hakuwa ameifungua bado. Nilimwambia ulikosea. Kwamba hiyo ni noti yako ya kwanza ya bandarini, uliiweka ukumbusho, na sasa unaona haya kwenda kuirudisha."

Uongo mtupu, na mtoto nilimlea kwa katekisimu! Dola 20 safi alizitoa kwenye mshahara wa mwalimu, mshahara ambao kwetu huja kwa miguu na njiani hupumzika sana.

"Ulijuaje kama imepasuka?"

"Nilikuona ukiipiga pasi, Baba."

"Mbona hukunisemesha?"

Akafikiri kidogo. "Ungetoa hotuba."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jumapili Mama Sifa akapanda kwetu na samaki wanne aina ya mukeke, wa kukaanga, bado wa moto, kwenye sahani pekee iliyosalimika. Eti alikuja kumshukuru Baba Neema, mtu aliyetoa hata ukumbusho wake. Akasimulia habari hiyo mbele ya mke wangu, ambaye tangu tuoane hajawahi kuusikia ukumbusho huo. Mke wangu akanitazama. Neema akatazama ugali. Mukeke hauna mifupa mingi, lakini siku ile niliikuta yote kooni.

Jumatatu, kabla jua halijawaka, nikaomba noti, nikaenda kwa kambiste, mbadilisha fedha. Hao hununua majeruhi, ila kwa bei ya majeruhi. Akaigeuza, akaguna, akasema 14. Kwa kawaida ningebishana naye hadi adhuhuri, nimwite mwizi, niondoke, nirudi. Nikapokea 14. Mfukoni nikaongeza 6, na hizo 6, niseme kweli, niliziona zikitoka.

Neema nilimkuta anafunga daftari zake kwenda shule. Nikampa zote bila kusema kitu, jambo lililomtisha kidogo.

"Asante, Baba," akasema. Kisha akasogea mlangoni, akaziinua juani, moja moja.