Unapuliza Vipi, Mzee?

Mwezi wa sita ukikaribia hapa Nachingwea, kila muuza pembejeo anageuka daktari. Haulizi una hela kiasi gani, maana anajua ya minada ya korosho ya RUNALI, ushirika wetu, iliishia kwenye harusi za Desemba. Anauliza, “Mzee, wewe unapuliza vipi?” Napuliza vipi? Napuliza mikorosho, ubwiriunga usiyamalize maua, basi!

Kumbe kuna mitindo. Mashine za bei ya chini upepo wake unakata tamaa kwenye matawi ya chini. Za bei ya juu sizigusi. Nataka ya kati, na huko kwenye kati ndiko kwenye balaa: zote injini ya tu-stroki, zote tangi la lita 14, zote kilo 11 hivi zikiwa tupu. Tofauti, naambiwa, hii ya mtu wa dawa ya unga, ile ya mtu wa dawa ya maji.

Mtu wa unga huamka alfajiri, upepo ungali umelala na majani yana umande, ili salfa ishike. Anarudi nyumbani wa njano mpaka kope, na baada ya siku 14 anarudia. Nasikia mijini vijana wanalipa kiingilio wapigane bunduki za rangi. Waje huku, rangi ipo. Mtu wa maji hurudia baada ya siku 21, tena anaweza kungoja jua. Niliposema napenda kulala, muuzaji akaniwekea ya maji mezani. Kisima kiko umbali gani, hakuuliza.

Wala hakuuliza habari za mjomba. Mjomba yuko Ruangwa, na mashine yoyote nitakayonunua atakuja kuiazima, mjomba hanyimwi. Yeye hana habari za unga wala maji. Mtindo wake ni kutia petroli tupu, eti oili ni kupoteza hela, mpaka pistoni inang'ang'ania. Nikauliza ipi kati ya hizi inavumilia petroli bila oili. “Hakuna, mzee.” Basi ipi ina spea Nachingwea na Ruangwa kote? Akanionyesha moja, ya unga. Nikailipia.

Jioni mjomba akapiga simu. Amefurahi sana, ila anauliza kwa nini sikuchukua yenye mikanda laini, maana bega lake la kushoto linamsumbua.